Mbao za Baba na Nukta za Jumamosi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nimechuchumaa ukingoni mwa mto wetu, upande wa Madaba, jicho moja nimelifumba na jingine nimelikaza kwenye fimbo yenye alama iliyoning'inizwa katikati ya daraja jipya. Ilikuwa asubuhi yenye jua zuri. Nyundo zinalia, vijana wanaimba, akina mama wanasonga ugali wa mafundi. Kila mtu alikuwa na furaha. Mimi peke yangu nilikuwa nimeshika majani kwa mkono nisije nikatumbukia.

Siku hiyo imenirudia wiki hii kwa sababu ya kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Songea mjini. Ni fundi mzuri tu, ana adabu, na yeye na wenzake wanajenga mnara wa tangi la maji karibu na shule. Alipita kunisalimia. Nikampa chai na mihogo ya kuchemsha, nikamwuliza kazi inaendaje.

"Safi kabisa, mama," akasema. "Tunamalizia. Vipimo tutachukua siku ya makabidhiano."

Nikaweka kikombe chini. Yeye akadhani chai imeniunguza. Nilitaka kumjibu, nikaishia kumwuliza habari za mama yake. Basi ngoja nikuambie wewe nilichoshindwa kumwambia yeye, na kama ni wewe yule yule unayesoma, malizia mihogo yako kwanza halafu ukae vizuri.

Mto wetu ulikuwa unaua. Kiangazi unauvuka huku umeshika viatu mkononi na unacheka. Masika ikinyesha milimani, maji yanakuja ghafla, mekundu, na magogo ndani yake. Kanisa lilikuwa ng'ambo, zahanati ng'ambo, makaburi pia ng'ambo. Sisi tulikuwa tunavuka juu ya gogo. Mama yangu mzazi alichukuliwa na mto huo nikiwa bado shule ya msingi, akitoka kanisani, kitenge chake cha Jumapili mwilini. Tulimtafuta mpaka watu wakachoka. Tukaweka matanga bila kaburi. Baba yangu, Mzee Oswin, hakuwahi tena kutaja jina la mto ule. Akitaka kuusema alikuwa anaonyesha tu kwa kidevu.

Kwa hiyo mradi wa daraja la nyaya ulipokuja, ulikuja kwetu kama jibu la sala. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, binti wa ishirini na kitu, mwanamke pekee katika kikosi. Msimamizi wetu alikuwa Injinia Alanus, mzee mfupi, mkali, aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Vijana walikuwa wanamtania kwamba amezaliwa nalo. Kazi aliyonipa iliwachekesha wengi: kila Jumamosi nikae ukingoni, nilinganishe jicho langu na msumari uliopigwa kwenye nguzo ya huku na msumari wa nguzo ya ng'ambo, nisome mstari huo umekata wapi kwenye ile fimbo ya katikati. Basi. Wenzangu wanabeba zege, mimi nafumba jicho.

Lakini sikiliza kazi hiyo ilikuwa na maana gani. Waya wa chuma ukibebeshwa mzigo hushuka. Hilo ni lazima, na Mzee Alanus alikuwa amekwisha kupiga hesabu utashuka kiasi gani kila hatua: vyuma vya kuning'iniza vikifungwa, mbao za mwanzo zikiwekwa, mbao zikifika katikati, zikifika mwisho. Hesabu hizo hakuzificha kwenye begi. Alizichora kwa chaki ukutani, nje ya stoo ya sementi, mstari mmoja unaoshuka pole pole toka kushoto kwenda kulia. Chini yake akachora mwingine mwekundu, akasema huo usifikiwe kamwe, maana hapo nyaya na zege linalozishikilia ardhini vitakuwa vimeelemewa. Kila Jumamosi nilitakiwa kuweka nukta yangu mahali daraja lilipo kweli. Nukta ikikaa juu ya mstari wa chaki, tuko salama. Watoto walikuja kuangalia nukta zangu, wakadhani nachora nyoka.

Nukta za mwanzo zilikaa barabara. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kisha zikaja mbao. Nyaya, vyuma na sementi vilikuwa vya mradi, lakini mbao zilikuwa nguvu za wananchi, kila kaya ilete zake. Mzee Alanus aliomba mbao nyepesi za paina, nyembamba, unene wa vidole viwili. Watu wakaitikia. Jioni nilipofika nyumbani nikamkuta baba amepanda darini, anateremsha kitu kizito kwa kamba.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana siku hizi majeneza yananunuliwa barabarani yakiwa yamepakwa vanishi. Kwetu zamani mzee aliyejiheshimu hakuwaachia watoto kazi ya kuhangaikia mbao za jeneza lake. Alichagua mninga wake mapema, akaita wapasua mbao, akaziweka darini juu ya jiko, moshi uzikaushe na wadudu wazikimbie. Zinakaa huko miaka. Hazitengenezewi kitanda wala mlango. Na zikishatengwa hazichezewi, kwa sababu kumshikisha mtu aliye hai mbao za jeneza lake ni kama kumharakisha aondoke. Hakuna aliyelifundisha hilo kwa maneno. Tulikua tukijua tu.

Ndizo hizo baba alizokuwa anateremsha. Mninga mtupu, mnene kama kiganja kikilazwa ubavu.

"Baba, hizo si zako za…" nikashindwa kumalizia.

"Ni zangu," akasema. "Mama yako hakupata sanduku, Kandida. Basi ziende kule kule aliko."

Wewe ungemjibu nini? Nilishika upande wa pili wa ubao, tukaupeleka mtoni pamoja, na nilipokuwa nimeubeba, mabega yangu yaliniambia kabisa kwamba huu ni mzito mno. Nikawaza, ni mbao chache tu za mzee mmoja, daraja litazibeba.

Nilisahau watu wetu walivyo. Habari ilienea kabla ya jua kuzama. Oswin ametoa mbao za jeneza lake! Nani tena atathubutu kuleta vipaina vyembamba baada ya hapo? Wazee wengine nao wakapanda madarini. Waliokuwa wameshaleta paina walizirudisha usiku wakaja na mninga. Wiki ile daraja lilianza kutandikwa mbao za wazee wote wa kijiji, nyekundu, zinang'aa, nzuri ajabu. Kila aliyepita alisifu. Mimi nilipozitazama niliona safu ya majeneza imelala juu ya maji, nikajipiga alama ya msalaba.

Jumamosi hiyo ndiyo niliyokuambia mwanzo. Nilisoma fimbo, nikafuta macho, nikasoma tena. Mbao zilikuwa zimefika katikati tu, lakini daraja lilikuwa limeshashuka mpaka pale lilipotakiwa kuwa siku tukimaliza. Halikuwa limepinda. Hakuna waya uliolia, hakuna msumari uliochomoka. Ukilitazama kwa macho ya kawaida lilikuwa daraja zuri kuliko yote uliyowahi kuona. Niliyejua ni mimi na ile fimbo, na mwanangu, sijui kama kuna upweke unaotisha kuliko huo.

Nilikwenda ukutani nikaweka nukta mahali ilipostahili. Ilikaa mbali na chaki kama mbuzi aliyepotea kundi. Mzee Alanus akaja, akatazama. Nikajitia moyo nikasema, "Lakini mzee, bado hatujaufikia ule mwekundu."

Alinigeukia na koti lake. Sijawahi kukaripiwa vile tangu nizaliwe.

"Nani amekuuliza habari za mwekundu? Wewe umeshapita Lukumburu. Basi likianza kuteremka mlima ule, konda akakuambia usijali abiria, bado hatujafika korongoni, utaendelea kula karanga?" Akagonga ukuta kwa kidole. "Usiniambie tuko wapi. Niambie tunaelekea wapi! Unganisha nukta zako, uone mbao zikiisha zitakuwa zimefika wapi."

Niliunganisha. Mstari wangu uliukata mwekundu kabla ya mbao kwisha, kabla hata mtu mmoja hajakanyaga. Na siku ya ufunguzi ilikuwa imeshapangwa: kikundi cha mganda kitavuka kikicheza, wanaume wote kwa nguo nyeupe, ngoma mbele, hatua moja kama askari. Kiongozi wao ni Mzee Oswin, baba yangu. Atakuwa wa kwanza.

Nikasema mzee, wewe ndiye msimamizi, waambie zitolewe. Akatikisa kichwa. "Nikisema mimi, mgeni amewadharau wazee. Aliyepima aseme."

Tukakubaliana niseme kesho yake, baada ya misa. Misa yote sikusikia neno.

Watu walikusanyika ukingoni. Nikasimama mbele yao, nikaeleza nukta na mistari, sauti yangu inakatika katika. Mwanzoni walinisikiliza kwa upendo, binti yetu amesoma. Nilipofika kwenye neno kutoa mbao, wakaanza kutazamana. Bibi mmoja akavuta rozari yake shingoni akaishika kwa mikono miwili. Kila mmoja pale alielewa ninachosema: mbao zile zirudi kwa wenyewe, wakiwa hai.

Baba akasimama taratibu. "Kandida. Unanirudishia jeneza langu?"

Akaongeza, polepole, "Mbele ya maji haya?"

Kichwani nilikuwa na mambo mawili tu na yote yalikuwa kifo chake. Mbao zikibaki, atakufa pale katikati na wenzake wote. Mbao zikirudi, nitakuwa nimemwitia mauti kwa mdomo wangu mwenyewe, na akiugua hata mafua kijiji kizima kitanitazama mimi. Ninakuambia kweli, nilitamani niwe sijawahi kujua kusoma ile fimbo.

Mzee Alanus ndiye aliyeniokoa. Alisema haombi mtu aamini chaki. Tujaze mchanga kwenye magunia, gunia moja kwa kila mtu wa mganda, tuyaweke darajani badala yao, kisha wote tutazame. Watu wakakubali. Wanaume wakaanza kubeba wawili wawili, waliotangulia wakirudi ndipo wengine waingie. Baba alikataa kukaa. Alijitwisha gunia lake mwenyewe, mzee yule, akasema gunia lililo badala yangu nitalibeba mimi.

Nilichuchumaa mahali pangu nikafumba jicho. Kila gunia lilipotua, fimbo ilishuka. Nikawa nasema kwa sauti, imeshuka, imeshuka tena. Magunia hayajafika nusu, mstari ukagusa alama nyekundu ya hatari, iliyopakwa pia kwenye fimbo. Mzee Alanus akainua mkono juu, "Basi!"

Baba alikuwa katikati ya daraja, mwenzake ameshatoka.

Ndipo tukasikia mlio nyuma yetu, wa chini kwa chini, kama mtu mzito anageuka kitandani. Tukageuka. Udongo nyuma ya lile zege kubwa lililoshikilia nyaya ulikuwa umefunguka, ufa unaoweza kuingia vidole. Akina mama wakapiga kelele. Watu wakataka kukimbilia darajani kumchukua, Mzee Alanus akatanua mikono na koti lake kuwazuia.

"Baba!" niliita. "Liweke chini gunia! Polepole! Rudi, usikimbie!"

Alilitua kama anavyolazwa mtoto mchanga. Akarudi, hatua baada ya hatua, juu ya mbao zake mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia fimbo wala simwangalii yeye, kwa sababu nilijua nikimwangalia nitamkimbilia. Nilimwomba mama. Nilimwambia, mama, huyu muache, bado namhitaji. Mpaka nikasikia mkono wa baba begani kwangu, una mchanga, una baridi.

Alikwenda akautazama ufa kwa muda mrefu. Akakaa chini. Kisha akasema, si kwa yeyote, "Nilitaka kumpa sanduku moja. Kidogo nimpelekee kijiji kizima."

Akaomba msumeno.

Zilipasuliwa zote, kwa unene, kila ubao ukawa mbao mbili nyembamba. Mmoja ukabaki darajani, mwenzake ukarudi darini. Baba alikuwa wa kwanza kubeba wake kurudi nyumbani, mchana kweupe, njia nzima watu wakimpisha na kuinamisha macho. Zege likaongezwa nyuma, kubwa zaidi. Nukta zangu zikarudi pole pole kwenye chaki. Siku ya ufunguzi mganda ulichezwa ukingoni, na kuvuka wakavuka wachache wachache, kwa mwendo wa kawaida. Vijana walinuna. Waache wanune.

Usifikiri hofu iliisha hapo. Mbao zimerudi darini, na ni mimi niliyezirudisha. Mwaka ule kila baba alipokohoa nilishtuka. Akichelewa kuamka nilisimama mlangoni kusikiliza pumzi zake. Yeye alikuwa anajua, mchokozi yule. Kuna asubuhi alinyamaza makusudi, nilipofungua mlango akaniambia, "Umekuja kupima?" Nikalia na kucheka pamoja.

Alikufa mzee sana, mimi mwenyewe nimeshaota mvi, Mzee Alanus ametangulia zamani. Fundi akaziteremsha zile mbao nyembamba akamtengenezea jeneza. Makaburi ni ng'ambo, unakumbuka. Umati ulikuja kutoka Madaba yote, kila mtu anataka kumsindikiza Oswin, na wote wakaelekea darajani kwa pamoja na wimbo.

Nikasimama njiani nikawazuia.

Shangazi yangu akanivuta mkono. "Kandida, hata leo?"

"Hata leo, shangazi."

Nilichuchumaa na nguo zangu za msiba, magoti yanauma, nikafumba jicho moja. Machozi yakanizuia. Nikafuta, nikasoma tena, mpaka nikahakikisha. Lilikuwa mahali pake. Nikasema waliobeba wapite kwanza peke yao. Wakapita. Baba akavuka akiwa amelala ndani ya nusu ya mbao zake, juu ya nusu nyingine, na chini yake yalikuwa yanapita maji yaliyomchukua mama. Daraja lilishuka kidogo, kiasi kile kile tulichotegemea. Kisha likapanda.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Usisubiri siku ya makabidhiano. Siku hiyo kipimo kitakueleza tu ulichokwisha kuharibu. Kabla hujaanza kazi, chagua mambo machache ambayo yakienda vibaya watu wataumia, useme mapema kila hatua yanatakiwa yawe wapi, uandike mahali kila mtu anapaona. Halafu upime, wiki kwa wiki, hata kama wenzako wanakucheka. Nukta ikianza kutoka njiani, usijifariji kwamba bado iko mbali na hatari, angalia inakoelekea. Uzito unaoharibu kazi mara nyingi hauletwi na adui. Unaletwa na mtu unayempenda, kwa moyo safi, na wewe unaona aibu kumwambia. Mwambie. Utaogopa, mimi niliogopa na bado naogopa, lakini mwambie ukiwa unaogopa hivyo hivyo. Na mnara ule wa tangi karibu na shule, nenda kesho asubuhi na kamba yenye timazi, uone kama umesimama wima kabla tangi halijajazwa.

Mungu akujalie jicho lisilodanganywa na sifa za watu. Akupe mdomo wa kusema ulichokiona. Na siku mzazi wako atakapokanyaga kazi ya mikono yako, akujalie uwe umeshapima, ili umtazame yeye badala ya fimbo.